Wakunga Wanatafuta Kazi, na Kazi Inatafuta Wakunga

Mtu apitaye Kariakoo alfajiri, wakati wachukuzi wanapoteremsha magunia ya vitunguu na mikokoteni inapogombea njia na bodaboda, hakosi kuona jambo moja: wanawake wamekwisha fika. Mama lishe ameinjika sufuria yake. Muuza nyanya amepanga mafungu. Wauza vitenge wa Mtaa wa Congo wanafungua marobota. Na miongoni mwa akina mama hao hawakosi waja wazito, ambao hufanya kazi mpaka siku ile ile uchungu unapowashika, kwa kuwa mwenye meza ya biashara hana mwajiri wa kumpa likizo ya uzazi.

Siku hiyo ikifika, wenzake humwitia bajaji. Itampeleka Mnazi Mmoja, au Amana kule Ilala, na mambo yakiwa magumu atapelekwa Muhimbili. Hospitali zote hizo zi karibu na soko. Kwa hiyo shida ya mzazi wa Kariakoo siyo umbali wa njia, kama ilivyo shida ya ndugu yake wa kijijini. Shida yake ni kujua ni nani atakayempokea mlangoni, na je, mtu huyo atakuwa na wazazi wangapi wengine mikononi mwake saa ile?

Sasa, ndugu msomaji, tazama upande wa pili wa mtaa huo huo. Huenda hatua chache kutoka kwenye meza ya mama yule kuna kibanda cha kutuma fedha kwa simu, na ndani yake ameketi binti mwenye cheti cha uuguzi na ukunga. Amesoma miaka miwili, au mitatu kama ana stashahada. Amefaulu mtihani, ameandikishwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, ana leseni. Wazazi wake waliuza ng'ombe, au kiwanja, ili alipiwe ada. Lakini leo anahesabu noti za watu wengine, na jioni hutazama kama Serikali imetangaza nafasi. Yuko mwenzake auzaye dawa dukani kwa ujira mdogo, na mwingine amerudi kwao kusaidia shamba.

Mzazi hana mkunga, na mkunga hana kazi. Mambo haya mawili hayapatani, nasi twaona yafaa tuulize kwa nini yanakaa pamoja katika mji mmoja, hata katika mtaa mmoja.

NCHI ILIKOTOKA

Yafaa kwanza tukumbuke tulikotoka. Jina lenyewe la Kariakoo latokana na lile jeshi la wapagazi la Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza. Eneo hili lilikuwa kambi ya watu waliobeba mizigo ya wengine. Mwafrika wa Dar es Salaam wa zama za ukoloni alitibiwa katika hospitali iliyoitwa kwa jina la Sewa Haji, tajiri aliyetoa mali yake ijengwe, wakati Wazungu walikuwa na hospitali yao ufukweni, ile ya Ocean Road. Mwaka 1956 ikafunguliwa Hospitali ya Princess Margaret, ambayo ndiyo Muhimbili ya leo. Nchi ilipopata Uhuru mwaka 1961, yasemwa madaktari wananchi walikuwa 12 tu. Chuo cha udaktari kilianza Dar es Salaam mwaka 1963.

Katika miaka ile taifa lilitangaza vita na maadui watatu, ujinga, umaskini na maradhi, na kila aliyehitimu kazi ya afya alikuwa askari aliyengojewa. Kijana alimaliza chuo akiwa na barua ya kituo chake. Pengine kituo hicho kilikuwa mbali, pengine nyumba haikuwa nzuri, walakini hapakuwa na mkunga aliyekaa barazani akingoja kazi. Mwaka 1977 sheria ilizuia hospitali za watu binafsi za kutafuta faida, na karibu kila mhitimu akawa mtumishi wa Serikali au wa mashirika ya dini.

Mambo yakabadilika. Mwaka 1991 hospitali za binafsi zikaruhusiwa tena. Mwaka 1993, wakati Serikali ilipokuwa ikipunguza matumizi kwa masharti ya wakopeshaji, ajira serikalini zikafungwa. Tangu hapo cheti na kazi vikaachana. Mwaka 2007 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, uliokusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Vyuo vikaongezeka, vya Serikali, vya dini na vya watu binafsi, na wanafunzi wakajaa. Kisha mwaka 2016 ajira zikasimama tena, safari hii kwa ajili ya kuwatafuta watumishi hewa na wenye vyeti vya kughushi. Kazi ile ilikuwa na sababu yake, maana mwaka 2017 majina ya watumishi 9,932 wenye vyeti visivyo halali yalikabidhiwa kwa Rais. Lakini mitambo ya vyuo haikusimama. Kila mwaka ilitoa wahitimu wapya, na mlango ulikuwa umefungwa.

PENGO SI NAFASI YA KAZI

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Husikia kwamba wizara ina upungufu wa maelfu ya watumishi, wakadhani kuwa kuna maelfu ya viti vitupu vinavyongoja watu. Sivyo. Pengo ni tofauti kati ya ikama, yaani idadi ya watu wanaotakiwa ili kazi ifanyike sawasawa, na idadi ya watu waliopo. Nafasi ya kazi ni kitu kingine: ni ikama iliyopewa kibali na mshahara katika bajeti. Bila kibali na bila fungu la mshahara, pengo linabaki kuwa pengo hata kama wahitimu elfu moja wamepanga mstari mlangoni.

Tutazame hesabu. Mpango wa Serikali wa watumishi wa afya wa miaka 2014 hadi 2019 ulionyesha kwamba nchi ilihitaji watumishi 145,454 wa kada zote za afya. Waliokuwapo walikuwa 63,447. Yaani katika kila watu 100 waliotakiwa, 56 hawakuwapo. Mwaka 2022 Serikali ilitangaza nafasi 7,612 za afya, na mwaka 2023 nafasi 8,070. Ni jambo jema, na aliyefanya jema asifiwe. Lakini ukizijumlisha nafasi za miaka hiyo miwili wapata 15,682, nazo hazifiki moja ya tano ya pengo la mwaka 2014. Na hizo ni za nchi nzima na za kada zote: madaktari, wafamasia, watu wa maabara, wauguzi, wakunga. Ni kweli miaka mingine nayo ilikuwa na ajira zake. Lakini kila mwaka pia una wastaafu wake, una waliofariki, na una watoto wapya. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, na kati yao 5,383,728 ni wa Mkoa wa Dar es Salaam peke yake.

Tena kuna jambo la kushangaza: mafanikio yenyewe yameongeza haja. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa uzazi 63 katika kila 100 ulitokea katika vituo vya afya. Utafiti wa mwaka 2022 ukaonyesha 81. Katika tafiti hizo hizo, makisio ya vifo vya wazazi yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Haya ni mambo ya kushukuru, na wakunga wana fungu lao kubwa katika sifa hiyo. Walakini maana yake ni kwamba mama ambaye zamani angezalia nyumbani, leo yuko mlangoni pa hospitali. Tulimwambia aje, naye amekuja. Mgeni akiitwa, mwenyeji hana budi kuwapo.

HESABU YA SAA MOJA

Wako wasemao kwamba wauguzi wa wodi za wazazi ni wakali, wana lugha mbaya, hawaji waitwapo. Hatuwezi kusema malalamiko hayo ni uongo mtupu. Matusi kwa mwanamke aliye katika uchungu ni dhambi mbele ya utu, na mwenye kutukana aonywe. Lakini wahenga walisema, mgala muue na haki yake mpe. Hebu tufanye hesabu ya saa moja tu ya mkunga.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, lashauri kwamba uchungu ukikolea, mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe kila baada ya dakika 15 hadi 30. Na mama anapoanza kusukuma, yasikilizwe kila baada ya dakika 5. Tuseme mkunga mmoja wa zamu ya usiku ana wazazi 6. Tuchukue ule muda mrefu, dakika 30. Katika saa moja yampasa asikilize mara 12. Kila mara anawe mikono, amweke mama vizuri, asikilize, apime, aandike. Tumpe dakika 5 kwa kila mara. Zimekwisha dakika 60! Hajaenda kunywa maji, hajatafuta dawa, hajapokea mgonjwa mpya, hajamjibu mume aliyeko nje. Na katika saa hiyo hiyo mmoja wa wale sita akianza kusukuma, mkunga hawezi tena kumwacha. Wale watano wabaki na nani?

Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Moyo wa mtoto unapunguza mwendo na hapana aliyesikia. Mama aliyekwisha zaa anavuja damu chini ya kanga na hapana aliyefunua. Damu nyingi ya baada ya kuzaa yaweza kumwua mtu mzima mwenye afya katika muda wa saa mbili, na dawa yake inajulikana. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya majaribio yaliyofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania yetu. Wakunga walipewa mfuko wenye alama wa kupimia damu inayotoka, na wakafundishwa kufanya mara moja mambo yote yanayotakiwa: kukanda tumbo la uzazi, kutoa dawa, kuweka maji, kuchunguza. Madhara makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60. Mfuko ule ni wa bei ndogo tu. Lakini mfuko haujipimi, wala haukandi tumbo. Sharti pawe na mikono.

Tumetazama pia ng'ambo ya bahari, Unguja. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja ya huko, wakunga na madaktari walifundishwa kwa miongozo mifupi iliyotungwa pamoja nao kulingana na hali yao halisi. Watoto waliozaliwa wakiwa wafu walipungua kutoka 59 hadi 39 katika kila uzazi 1,000. Ikiwa watu walewale, kwa kufundishwa vizuri zaidi, wameweza kuokoa roho nyingi hivyo, twaweza kukisia wangefanya nini kama wangekuwa wengi wa kutosha.

KUJITOLEA MPAKA LINI?

Kwa sababu ya pengo hilo umezuka utaratibu wa kujitolea. Mhitimu asiye na kazi huomba hospitalini, akapewa zamu. Huvaa sare, huzalisha, hushona, hukesha. Mwisho wa mwezi hupata nauli, au hapati kitu. Pengine huambiwa kwamba nafasi zikitoka atafikiriwa kwanza.

Sisi hatupingi kujitolea. Nchi hii imejengwa kwa kujitolea. Wako waliochimba misingi ya shule na kubeba mawe ya zahanati bila malipo. Lakini mwananchi aliyechimba msingi Jumamosi alirudi shambani kwake Jumatatu. Mkunga anayefanya zamu kamili miaka miwili hana Jumatatu ya kurudi. Huyo ni mfanyakazi, na kazi yake ni ile ile ya mwenzake mwenye mshahara. Vyama vya wafanyakazi, ambavyo wajibu wao ni kuwatetea wenye kazi, havina budi kuwatambua pia hawa wanaofanya kazi bila kuitwa wafanyakazi. Na ikumbukwe kuwa akikosea kwa uchovu, jina lake ndilo litakaloandikwa, na leseni yake ndiyo itakayotazamwa.

Wengine wanafikiri njia ni kwenda ng'ambo. Majirani zetu wa Kenya walitia sahihi mapatano na Uingereza mwaka 2021 ya kupeleka wauguzi. Nchi yetu imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ya nchi 55 zenye uhaba mkubwa, ambazo mataifa tajiri yanaombwa yasizichukulie watu. Orodha hiyo ni ngao njema. Walakini binti aliyekaa miaka mitatu bila ajira atauliza, tena kwa haki: mnanizuia nisiende kwa wanaonitaka, na ninyi wenyewe hamnichukui? Dunia nzima, kwa taarifa ya mwaka 2021 ya mashirika ya kimataifa, ilikuwa na upungufu wa wakunga 900,000. Mali yenye kutafutwa hivyo si ya kuachwa juani.

YANAYOTAKIWA

Kulalamika peke yake hakuzalishi mtu. Yafuatayo twaona yaweza kufanyika.

Kwanza, kila hospitali na kituo cha afya kibandike mahali pa wazi idadi ya wazazi waliozalishwa mwezi uliopita na idadi ya wakunga waliokuwa zamu. Diwani anayeuliza barabara na taa katika kikao cha halmashauri aulize na hesabu hii. Wafanyabiashara wa Kariakoo, waliofunga maduka yao mwezi Mei mwaka 2023 kwa ajili ya malalamiko ya kodi, walionyesha kwamba sauti yao husikika. Watu hao hao wana haki ya kuuliza kodi yao imeweka wakunga wangapi katika wodi wanakozalia wake zao na watumishi wao.

Pili, tutazame fedha za vituo. Tangu sera ya misamaha ya miaka ya 1990, mja mzito hatozwi katika hospitali za Serikali, na haki hiyo isiguswe kamwe. Lakini matokeo yake ni kwamba kituo kinachozalisha wengi hutumia zaidi na kupata kidogo, kisha huambiwa kiajiri watu wa mkataba kwa mapato yake ya ndani. Kitawaajiri kwa kitu gani? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Katika kuitekeleza, kila uzazi salama ulipiwe kituo kilichousimamia, ili kituo chenye wazazi wengi kiweze kuwa na wakunga wengi.

Tatu, kujitolea kuwe na kikomo na utaratibu: mkataba wa maandishi, posho ya kujikimu, na muda uhesabiwe wakati wa kuajiri. Asiyeweza kumlipa mtu asimpe zamu ya mtu anayelipwa.

Nne, aliyesomea kuzalisha aachwe azalishe. Kwa kuwa wengi wa wahitimu wetu wamesomea uuguzi na ukunga kwa pamoja, huhamishwa wodi hadi wodi, na mkunga hodari hujikuta akigawa vidonge upande wa wanaume huku wodi ya wazazi ikipewa mgeni. Hili halihitaji shilingi moja kulirekebisha.

Tano, wahitimu nao wasikie neno letu. Wako wanaotaka Dar es Salaam tu. Mji unahitaji wakunga, tumekwisha sema; lakini Katavi na Simiyu kunazaliwa watoto pia. Anayepangiwa huko aende. Na anayempangia ahakikishe kuwa mshahara wa kwanza haumchukui miezi kumfikia, na kwamba kuna chumba chenye mlango unaofungika, maana msichana wa miaka ishirini na mitatu haitwi usiku kwenda kuzalisha akitokea nyumba isiyo na komeo.

Kila tarehe 5 Mei dunia huadhimisha Siku ya Wakunga. Hotuba husomwa, nguo nyeupe huvaliwa, keki hukatwa. Hatuna ugomvi na keki. Lakini mama lishe wa Kariakoo, ambaye pengine usiku wa leo atapanda bajaji akiwa ameshika kiuno, hahitaji hotuba. Anahitaji mtu mmoja aliyesoma, asiyechoka kupita kiasi, wa kumshika mkono na kusikiliza moyo wa mtoto wake kwa wakati. Mtu huyo yupo. Tumemsomesha wenyewe. Ameketi kule kibandani, na leseni yake iko ndani ya mkoba. Ikiwa tulipata fedha za kumfanya mkunga, haistahili tushindwe kupata fedha za kumwacha awe mkunga.